Kilo moja ya mayai inaigharimu nini dunia? Jibu limo kwenye daftari la chakula

Msomaji mmoja ameandika: "Nafuga kuku wa mayai 5,000 kwenye vizimba. Mnunuzi wangu mkubwa anataka nimpe kipimo cha athari za mayai yangu kwa mazingira, kwa kila kilo. Nikisoma, huku naambiwa kilo 2 za hewa ukaa, kule karibu 5. Mwenzangu ananishauri nihamie ufugaji huria ili namba ishuke. Nimwamini nani, na nianzie wapi kupima? Mwaka jana kuku walikula tani 198, wakanipa tani 90 za mayai niliyouza. Nina daftari la chakula, la mayai na la vifo."

Ndugu mfugaji,

Namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli, tena kwa shamba lako hilo hilo na kuku hao hao. Nitakuonyesha hapa chini jinsi inavyowezekana, kwa kutumia takwimu zako mwenyewe.

Tuanze na hao waliokuchanganya. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Ilkka Leinonen walikadiria kwamba mayai ya kuku wa vizimba yanahusishwa na takriban kilo 2.9 za hewa ukaa linganifu kwa kila kilo, wakihesabu hadi lango la shamba tu. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa wastani wa dunia nzima wa kilo 3.7. Mwaka 2018 Joseph Poore na Thomas Nemecek, waliokusanya takwimu za mashamba zaidi ya 38,000, walifika karibu 4.7, lakini wao walikwenda hadi rafu ya duka, wakaingiza ufungashaji, usafiri, upotevu njiani, na misitu iliyokatwa kupisha mashamba. Hakuna aliyedanganya hapo. Kila mmoja alipima safari yenye mwanzo na mwisho wake. Kosa ni la anayenyofoa namba na kuacha mipaka yake nyuma, na kwa bahati mbaya hao ni wengi.

Hiyo "hewa ukaa linganifu" ni njia ya kuziweka gesijoto zote kwenye mizani moja. Kwa viwango vya ripoti ya sita ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, kilo moja ya oksidi ya nitrasi hupasha dunia joto kama kilo 273 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, na kilo ya methani itokayo kwenye samadi kama kilo 27 hivi. Ripoti za nyuma zilitumia viwango tofauti kidogo, kwa hiyo andika siku zote ulitumia vya ripoti ipi.

Njia inayokubalika ya kupima inaitwa tathmini ya mzunguko wa maisha. Imewekewa utaratibu na viwango vya ISO 14040 na 14044 vya mwaka 2006, na FAO kupitia ushirika wake wa LEAP ina mwongozo mahususi kwa ufugaji wa kuku. Viwango hivyo vinakutaka useme unapima nini na kwa nini, ukusanye kila kilichoingia na kilichotoka, ukigeuze kuwa athari, kisha ulitafsiri jibu kwa uaminifu. Programu za kufanyia hesabu zipo, mojawapo, openLCA, ni ya bure. Lakini programu haiwezi kuokoa daftari bovu. Nimeona hesabu zilizochorwa grafu za kupendeza ambazo chini yake kulikuwa na makadirio ya chakula yaliyobuniwa siku moja kabla ya kuwasilishwa.

Kabla ya kugusa chochote, amua utagawanya kwa nini. Mnunuzi wako amesema kilo, na amekusaidia. Ukigawanya kwa trei, shamba la mayai ya gramu 50 litaonekana safi kuliko la mayai ya gramu 65 bila sababu yoyote ya maana, kwa kuwa trei ni trei. Pia gawanya kwa mayai yaliyouzwa, usigawanye kwa yaliyotagwa. Yai lililopasuka na kutupwa lilikula chakula kama mengine, na mzigo wake lazima ubebwe na yale yaliyofika kwa mlaji. Ukitaka kulinganisha mayai na maharage au maziwa, hapo kilo haifai tena. Tumia kilo ya protini.

Sasa twende kwenye uzito wenyewe. Kuku si ng'ombe. Hacheui, na methani ya tumboni mwake ni ndogo mno kiasi kwamba hesabu nyingi huiacha. Mzigo wake mkubwa uko shambani kulikolimwa chakula chake. Katika utafiti ule wa Uingereza, kulima, kusindika na kusafirisha chakula kulibeba asilimia 64 hadi 72 ya athari ya tabianchi, katika mifumo yote minne iliyopimwa. Ndiyo maana nikiletewa kazi ya shamba la mayai, jambo la kwanza naomba ni daftari la chakula. Picha za paneli za sola juu ya paa nitazitazama baadaye.

Kwako: tani 198 gawanya kwa tani 90, unapata kilo 2.2 za chakula kwa kila kilo ya mayai. Si vibaya, ila haijakamilika. Mitetea wako hawakuanza kutaga siku walipoanguliwa. Kila mmoja alikula takriban kilo 6 kabla ya yai la kwanza. Kwa kuku 5,000 hizo ni tani 30, ambazo ukizigawa kwa mayai ya mwaka mmoja zinaongeza kilo 0.33. Jumla sasa ni kama 2.53. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote: mfugaji ananunua mitetea wa wiki 16 hadi 18, anaandika bei yao kwenye daftari la fedha, na kwenye hesabu ya mazingira wanaingia kana kwamba wamedondoka kutoka mawinguni. Ukiwaweka kuku watage kwa muda mrefu zaidi bila uzalishaji kuporomoka, hizo tani 30 zinagawanywa kwa mayai mengi zaidi. Na kila kuku anayekufa wiki ya 30 anaondoka na kilo zake 6 pamoja na yote aliyokula baadaye. Daftari lako la vifo, basi, ni daftari la mazingira pia.

Tuseme chakula chako ni asilimia 62 mahindi, asilimia 24 mashudu ya soya, na asilimia 14 chokaa na vinginevyo. Nachukua viwango vya mfano, ili uone hesabu inavyokwenda. Wewe utatumia vya malighafi zako kutoka kwenye kanzidata kama ile ya GFLI, iliyojengwa kwa ajili ya vyakula vya mifugo. Mahindi, kilo 0.5 ya hewa ukaa linganifu kwa kilo. Soya iliyolimwa kwenye ardhi iliyokuwa shamba tangu zamani, 0.6. Vinginevyo, 0.2. Kusaga na kusafirisha, 0.08. Kilo moja ya chakula inatoka na 0.56. Zidisha kwa 2.53, unapata kilo 1.4 kwa kila kilo ya mayai.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Soya ile ile, mfuko ule ule, lakini imelimwa kwenye ardhi iliyofyekwa msitu au mbuga za miti miaka michache iliyopita, kama ilivyotokea katika maeneo ya Amazon na Cerrado nchini Brazil. Kaboni iliyokuwa kwenye miti na udongo imeshaingia angani, na utaratibu uliozoeleka ni kuigawa kwa miaka 20 ya mavuno yanayofuata. Kiwango cha soya hiyo kinaweza kupanda hadi, tuseme, 3.5. Kilo ya chakula sasa ni 1.26, na kilo ya mayai inabeba 3.2 kwa chakula peke yake. Banda lako halijabadilika, kuku hawajabadilika, wewe mwenyewe hujabadilika, na namba imeongezeka zaidi ya mara mbili. Ongeza samadi, umeme na vifaranga: mahesabu ya kwanza yanaishia chini kidogo ya 2, ya pili yanakaribia 3.5. Peleka mayai hayo dukani, ongeza trei na yanayovunjika njiani, utasogea kwenye 4. Umeshazikaribia zile namba mbili ulizokuwa unajiuliza.

Kwa hiyo swali lenye thamani kubwa kuliko yote unaloweza kumuuliza muuzaji wako wa chakula ni soya yake imetoka wapi na ardhi ile ilikuwa nini miaka 20 nyuma. Akikosa jibu, mwongozo mwingi unakutaka uchukue wastani wa nchi ilikotoka, na wastani huo una misitu ndani yake. Najua inauma kubebeshwa msitu ambao hukuukata. Lakini kuandika sifuri kwa sababu hukuuliza ni kosa kubwa zaidi.

Hapa ndipo wengi wanaishia, wakidhani wamemaliza. Mimi naomba uendelee, maana kaboni ni sehemu moja tu ya habari ya kuku, na kwa majirani wa shamba lako siyo sehemu kubwa. Kwao kubwa ni naitrojeni.

Chakula chenye protini ya asilimia 17 kina gramu 27 hivi za naitrojeni kwa kilo. Tani zako 198 ziliingiza bandani takriban kilo 5,400. Mayai yana kama gramu 18 kwa kilo, yaani tani 90 zilitoka na kilo 1,600. Ukuaji wa miili ya kuku ulichukua chini ya kilo 100. Zilizobaki, kama kilo 3,700, zilidondoka chini. Tafakari hilo: theluthi mbili ya naitrojeni uliyoinunua kwa bei ya mashudu inaishia kwenye samadi.

Samadi ya kuku haitulii. Sehemu kubwa ya naitrojeni yake ni asidi ya yuriki, na bakteria wakipata unyevu na joto huigeuza kuwa amonia. Amonia hupaa, kisha hurudi ardhini na majini, ikiongeza asidi kwenye udongo na kurutubisha maziwa na mito kupita kiasi hadi mwani unaziba hewa ya samaki. Angani huungana na gesi nyingine kutengeneza vumbi jembamba linaloingia mapafuni. Ndani ya banda huwashwa nayo wewe, wafanyakazi wako na kuku. Katika tathmini za mayai, samadi ndiyo huongoza athari za asidi na za urutubishaji wa maji, na chanzo chake kikuu ni amonia hiyo.

Utajuaje ni kiasi gani kimepaa? Vipima-gesi vipo, ila ni ghali, na usomaji wa siku mbili haukuambii habari za mwaka. Mimi napendelea njia ya mizania, kwa sababu naitrojeni haina pa kujificha: iliyoingia na haikutoka kwa mayai wala samadi, imeondoka kwa hewa. Na kuna ujanja mzuri wa kukagua mizania hiyo. Fosforasi haipai. Kama chakula chako kina asilimia 0.5 ya fosforasi, ziliingia kilo 990. Mayai yalitoka na kama 180. Samadi lazima iwe na 810 hivi. Maabara ikikupa mkusanyiko ambao, ukizidishwa kwa tani za samadi ulizopakia, unaleta kilo 500, basi mizani yako au sampuli yako ina kasoro, na hata namba ya naitrojeni usiiamini.

Uwiano wa vitu hivi viwili unakuokoa hata usipokuwa na mizani ya magari. Samadi mbichi kabisa ya kuku wako ina naitrojeni 4.6 kwa kila fosforasi 1 (3,700 kwa 810). Tuseme maabara inapima samadi uliyopakia na kukuta uwiano ni 2.75. Zidisha kwa 810: imebaki naitrojeni kilo 2,200. Kilo 1,500 zimetoweka. Kama karibu zote zilitoka kama amonia, hizo ni kilo 1,800 za amonia, au gramu 20 kwa kila kilo ya mayai uliyouza. Namba hiyo mnunuzi wako pengine hakuiomba. Mpe hata hivyo.

Tahadhari kuhusu sampuli. Usichote mahali pamoja, kwa kuwa samadi iliyo chini ya mabomba ya maji na ile iliyo katikati ya banda ni vitu viwili tofauti. Chukua vijiko vingi kutoka sehemu nyingi, changanya, funga bila hewa, weka kwenye ubaridi, peleka upesi. Na hakikisha maabara inapima naitrojeni kwenye samadi mbichi. Ikikaushwa kwanza kwenye joto kali, amonia itapaa humo ndani ya tanuri na utalaumu banda lako kwa kosa la maabara.

Kwa tabianchi, naitrojeni hiyo inaleta kiasi kidogo. Ukitumia viwango vya IPCC, asilimia 0.1 ya naitrojeni ya samadi ya kuku hugeuka moja kwa moja kuwa oksidi ya nitrasi, na asilimia 1 ya ile iliyopaa hufanya hivyo baada ya kutua kwingine. Kwa shamba lako jumla ni karibu kilo 0.09 za hewa ukaa linganifu kwa kilo ya mayai. Ndogo. Anayepima kaboni peke yake atakuambia samadi yako si tatizo, wakati jirani aliye upande upepo unakoelekea amefunga madirisha. Methani nayo ni ndogo ikiwa samadi inakaa kavu. Ikisukumwa kwa maji hadi bwawani inaongezeka mara makumi kadhaa, kwa hiyo eleza samadi yako inahifadhiwaje.

Dawa ya amonia ni ukavu na wepesi. Mkanda unaokusanya samadi chini ya vizimba na kuitoa nje mara mbili kwa wiki, huku hewa ikipulizwa juu yake, hupunguza upotevu kwa kiasi kikubwa ukilinganisha na shimo lililo chini ya kuku. Lakini ikishatoka ikarundikwa mvuani, umehamisha tatizo tu, na hesabu yako lazima iifuate hadi kwenye rundo hilo. Chuchu za maji zinazovuja zinarudisha unyevu ulioupigana nao. Na kuna hatua ya mapema zaidi: mtaalamu wa lishe akiweza kushusha protini kutoka asilimia 17 hadi 16, akifidia kwa methionini na laisini za kiwandani (vijenzi vya protini), kwa tani zako 198 unaokoa kilo 317 za naitrojeni, karibu zote zikiwa zile ambazo zingeingia kwenye samadi. Utagaji ukishuka, faida hiyo inaliwa, kwa hiyo jaribu kwa kundi moja kwanza.

Maji na umeme nitavipitia haraka. Maji ambayo kuku hunywa ni kidogo, takriban mara mbili ya uzito wa chakula. Maji mengi yako tena kwenye mahindi na soya, na mengi ya hayo ni mvua. Ukiona namba ya maelfu ya lita kwa kilo ya mayai, uliza ni ngapi zilivutwa kutoka mtoni au kisimani, na mahali hapo pana uhaba au hapana. Umeme unaoendesha feni na taa ulishika nafasi ya pili kwa matumizi ya nishati katika utafiti ule wa Uingereza. Andika uniti zako kwa mwezi, na mafuta ya jenereta kando, kwa kuwa uniti ya umeme wa maporomoko na ya makaa ya mawe hazilingani hata chembe.

Kuna sehemu moja ambayo hata wataalamu hubishana: mgao, yaani kila zao la shamba libebe sehemu gani ya mzigo. Shamba lako halitoi mayai tu. Linatoa kuku waliomaliza kutaga na linatoa samadi. Kiwango cha ISO kinataka kwanza uepuke kugawa, ikishindikana ugawe kwa uhusiano wa kimaumbile, na mwisho kabisa kwa thamani ya fedha. Kwa kawaida mayai yanabaki na sehemu kubwa sana kwa njia yoyote. Ubishi mkali uko kwenye samadi. Ukisema inachukua nafasi ya mbolea ya viwandani na kujipa punguzo, ni halali, mradi uhesabu amonia na oksidi ya nitrasi zitakazotoka shambani inakomwagwa, na mradi mkulima aliyeichukua asidai punguzo hilo hilo. Nimekagua hesabu ambamo samadi moja ilipunguza mzigo wa mfugaji na wa mkulima wa mahindi kwa wakati mmoja. Hiyo ni hadithi, hesabu haipo hapo.

Mambo ni hayo hayo kwa chakula kinachotokana na mabaki. Makombo ya viwanda vya mikate yakipewa kuku, mgao wa kifedha unayapa mzigo mdogo kwa sababu bei yake ni ndogo, na namba inashuka sana. Mimi naunga mkono ulishaji huo kwa moyo wote, maana unaachia ardhi ilime chakula cha watu. Ila siku mabaki hayo yatakapogombaniwa na bei ikapanda, mzigo wake kwenye karatasi utapanda pia ingawa mkate ni ule ule. Eleza mgao ulioutumia, msomaji aone.

Sasa ushauri wa mwenzako, kuhamia ufugaji huria ili namba ishuke. Kwa kipimo alichokiomba mnunuzi wako, kuna uwezekano mkubwa namba itapanda. Kule Uingereza vizimba vilipata 2.9, na mifumo ya huria na ya kilimo hai ikapata karibu 3.4. Kuku anayetembea anatumia nguvu zaidi, anakula zaidi, na mara nyingi vifo ni vingi kidogo. Tena kuku walioachiwa uwanja hawasambai kama tunavyodhani. Wengi hubaki karibu na milango ya banda, na samadi inajilundika hapo hadi udongo unashindwa kuimeza na naitrojeni inazama kuelekea maji ya chini.

Lakini sikusudii kukutetea vizimba. Tathmini ya mzunguko wa maisha haipimi kama kuku anaweza kunyoosha mabawa, kukwaruza vumbi au kutagia kwenye kiota. Haikuundwa kwa kazi hiyo, na anayeitumia kuhukumu ustawi wa kuku anaikosea. Mimi naamini kuku anastahili nafasi ya kuishi kama kuku, na tofauti ya 0.5 kwa kilo inaweza kufidiwa na soya safi pekee, kama tulivyoona. Ukihama, hama kwa ajili ya kuku, useme hivyo waziwazi. Hali ni hiyo hiyo kwa vifaranga vya kiume vinavyouawa siku ya kwanza. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia mwaka 2022. Kuwalea majogoo hao kunaongeza chakula na kupandisha namba, kutambua jinsia ndani ya yai hakuongezi chakula hicho, na uamuzi wenyewe si wa kaboni.

Swali jingine mnunuzi anaweza kuliuliza ni kama unapiga hatua. Marekani imefanyiwa hesabu nzuri ya namna hiyo. Nathan Pelletier na wenzake walilinganisha mwaka 1960 na 2010 na kukuta gesijoto kwa kila kilo ya mayai zimeshuka asilimia 71, chakula kwa kilo kikiwa kimeshuka kutoka 3.44 hadi 1.98. Walichofanya vizuri zaidi ni kutoa jumla pia: uzalishaji wa mayai ulikua asilimia 30, na gesijoto zote za sekta zikashuka asilimia 63. Toa namba zote mbili na wewe. Mto ulio karibu na shamba lako haujui kilo. Unachokijua ni jumla ya kinachoingia ndani yake, na ukiongeza kuku mara mbili huku kila kilo ikipungua mzigo kwa moja ya kumi, mto umepata hasara.

Usitoe namba moja iliyonyooka. Chakula ulichopima kwa mizani kina shaka ndogo. Viwango vya oksidi ya nitrasi vina shaka kubwa, na soya isiyojulikana ilikotoka ina kubwa kuliko vyote. Rudia hesabu ukibadilisha kila kimoja, andika cha chini na cha juu. Na ukilinganisha mwaka huu na ujao, tumia mipaka ile ile na viwango vile vile, vinginevyo utashangilia mabadiliko ya kanzidata.

Mwezi huu fanya mambo matatu: pima upya mizani ya chakula, muulize muuzaji kuhusu soya, na upeleke sampuli ya samadi maabara. Ukishapata majibu, barua kwa mnunuzi wako inaweza kusomeka hivi, ukibadilisha namba zangu za mfano kwa zako: "Kuanzia kilimo cha malighafi za chakula hadi lango la shamba, kilo moja ya mayai tuliyouza mwaka jana ilihusishwa na kilo 1.7 hadi 3.5 za hewa ukaa linganifu. Ulezi wa mitetea umehesabiwa. Usafiri kutoka kwetu haumo. Pengo kati ya namba hizo linatokana na soya ambayo bado tunafuatilia asili yake. Banda letu lilipoteza takriban gramu 20 za amonia kwa kilo, kwa mizania ya naitrojeni na fosforasi. Samadi haikupewa punguzo. Tumeambatisha kurasa za daftari la chakula."